UZI: Kukagua na kubadili funguo na vyeti kwa amri za terminali (openssl, ssh-keygen, keytool), mafundi wa Mtwara na Lindi tukutane hapa

Mwambao_Mikindani

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu ni wa wanaohudumia seva huku kusini, kuanzia Kilwa Masoko mpaka Newala: vyama vya msingi vya korosho, shule, zahanati, maduka yenye tovuti. Kazi ya vyeti (faili linalothibitisha jina la tovuti, lenye jozi yake ambayo ni ufunguo wa siri) inazidi kuturudia. Zamani cheti cha tovuti kiliruhusiwa kuishi siku 398. Kuanzia 15 Machi 2026 ukomo ni siku 200, kuanzia 15 Machi 2027 ni siku 100, na kuanzia 15 Machi 2029 ni siku 47. Asiyejua kukagua cheti kwa mkono wake atakuwa anapiga simu Dar kila mwezi.

Naanza na jambo linaloleta makosa mengi kuliko yote: jina la faili si ushahidi. .crt, .cer, .pem, .key, yote hayo mtu ameyaandika tu. Ushahidi ni mstari wa kwanza:

head -1 faili

Ukiona -----BEGIN CERTIFICATE----- hicho ni cheti, tena kipo katika muundo wa PEM, yaani maandishi. BEGIN CERTIFICATE REQUEST ni ombi la cheti, bado hakijawa cheti. BEGIN PRIVATE KEY ni ufunguo wa siri wa muundo wa PKCS#8 usio na nenosiri. BEGIN ENCRYPTED PRIVATE KEY ni huohuo ukiwa umefungwa kwa nenosiri. BEGIN RSA PRIVATE KEY ni muundo wa zamani wa PKCS#1, BEGIN EC PRIVATE KEY ni wa zamani pia lakini wa funguo za mkunjo, na BEGIN OPENSSH PRIVATE KEY ni wa ssh (njia ya kuingilia seva kutoka mbali), usiupeleke nginx (programu inayotoa tovuti).

Skrini ikijaa takataka, faili ni la baiti tupu: ama DER (cheti au ufunguo uleule kwa baiti), ama kifurushi cha PKCS#12 (.pfx au .p12, cheti na ufunguo pamoja), ama hifadhi ya Java. DER na PKCS#12 zote kwa kawaida huanza na baiti 30 82, kwa hiyo usizitofautishe kwa macho, jaribu kuzifungua:

openssl x509 -inform der -in faili -noout -subject
openssl pkcs12 -in faili -info -noout

Inayokubali ndiyo jibu. Ya pili itakuuliza nenosiri.

Kusoma cheti chenyewe:

openssl x509 -in cheti.pem -noout -subject -issuer -dates -serial
openssl x509 -in cheti.pem -noout -ext subjectAltName

Huo mstari wa pili ndio wenye uzito. Vivinjari haviangalii tena jina lililo kwenye CN (Common Name, sehemu ya subject). Chrome iliacha mwaka 2017. Jina la tovuti lisipokuwemo kwenye subjectAltName, cheti hakina faida hata kama CN imeandikwa sawasawa. Na cheti cha *.mfano hakifuniki "mfano" bila kitu mbele, wala a.b.mfano. Nyota inashika ngazi moja tu.

Sharti la uzi: usibandike ufunguo wa siri hapa, hata kipande. Bandika cheti ukitaka, hicho ni cha watu wote.

---

Ghala_Masasi

Shukrani mkuu, umekuja wakati wake. Nina tatizo la chama cha msingi kimoja wilaya ya Masasi. Cheti kilikuwa kwenye seva ya Windows, tunahamia Linux yenye nginx. Nimepewa faili moja la .pfx na nenosiri lake. Nenosiri ni sahihi kabisa, kwenye Windows linafungua. Kwenye Linux napiga:

openssl pkcs12 -in chama.pfx -nocerts -out siri.pem

Napata "unsupported", halafu mbele kuna "RC2-40-CBC". Nimebadilisha faili mara mbili, hali ni ileile.

---

Mwambao_Mikindani

Piga openssl version kwanza. Bila shaka ni 3. Kuanzia OpenSSL 3.0, iliyotoka Septemba 2021, njia dhaifu za usimbaji zimewekwa kando. Windows za zamani zilifunga cheti ndani ya pfx kwa RC2 ya biti 40, ndiyo hiyo inayokataliwa. Faili lako ni zima. Ongeza neno moja:

openssl pkcs12 -legacy -in chama.pfx -nocerts -noenc -out siri.pem
openssl pkcs12 -legacy -in chama.pfx -clcerts -nokeys -out cheti.pem
openssl pkcs12 -legacy -in chama.pfx -cacerts -nokeys -out kati.pem

Ya kwanza inatoa ufunguo wa siri, ya pili cheti cha tovuti, ya tatu vyeti vya mamlaka (wanaotia saini vyeti) vilivyomo. Kabla ya zote piga umask 077 ili siri.pem izaliwe ikiwa inasomwa na wewe peke yako. -noenc maana yake ufunguo utoke bila nenosiri, kwa sababu nginx ikiwaka usiku umeme ukirudi hakuna mtu wa kuliandika. Kwenye toleo la 1.1.1 neno hilo lilikuwa -nodes, na -legacy haikuwepo wala haikuhitajika.

Matokeo yatakuwa na mistari ya "Bag Attributes" juu ya BEGIN. Nginx haijali, ila programu nyingine hugoma. Isafishe:

openssl pkey -in siri.pem -out siri-safi.pem
openssl x509 -in cheti.pem -out cheti-safi.pem

---

BintiNachingwea

Naongezea upande wa kurudi, maana wengi wanakwama hapo bila kujua sababu. Ukitengeneza pfx kwa OpenSSL 3:

openssl pkcs12 -export -inkey siri.pem -in cheti.pem -certfile kati.pem -name "seva" -out mpya.pfx

inafungwa kwa AES-256 na hashi (alama fupi inayotokana na yaliyomo) ya SHA-256. Windows Server 2012, na 2016 pia, hazijui kuisoma, na kibaya zaidi hazisemi hivyo. Zinasema nenosiri si sahihi. Mtu anabadilisha nenosiri mara kumi bila mafanikio. Kwa seva hizo ongeza:

-certpbe PBE-SHA1-3DES -keypbe PBE-SHA1-3DES -macalg SHA1

Ulinzi huo ni hafifu, kwa hiyo pfx ya namna hiyo ibebe nenosiri refu na ifutwe ukishaiingiza. Isiachwe kwenye Downloads wala kwenye kundi la WhatsApp la ofisi.

---

Ghala_Masasi

-legacy imefungua. Nimepata mafaili matatu. Sasa nginx -t inasema "key values mismatch".

---

Mwambao_Mikindani

Maana yake ufunguo na cheti si jozi. Linganisha ufunguo wa umma unaotoka pande zote mbili:

openssl x509 -in cheti-safi.pem -noout -pubkey | openssl sha256
openssl pkey -in siri-safi.pem -pubout | openssl sha256

Na kama ombi la cheti bado lipo:

openssl req -in ombi.csr -noout -pubkey | openssl sha256

Hashi zikifanana herufi kwa herufi ni jozi. Mtandaoni utakuta wanaokufundisha kulinganisha -modulus kwa md5. Hiyo ni ya RSA peke yake. Ukiwa na ufunguo wa mkunjo kama P-256 haitakusaidia. Njia ya -pubkey inafanya kazi kwa aina zote.

---

Kilwa_Masoko

Mkuu, nakazia hapo kwa tahadhari moja. Amri zote mbili zikishindwa, kwa mfano umekosea jina la faili, bomba linapeleka utupu upande wa pili, na hashi ya utupu hufanana na hashi ya utupu. Unaona zimelingana, unafurahi. Ikariri hii:

e3b0c44298fc1c149afbf4c8996fb92427ae41e4649b934ca495991b7852b855

Hiyo ni SHA-256 ya kitu kisicho na baiti hata moja. Kwa md5 ni d41d8cd98f00b204e9800998ecf8427e. Ukiona mojawapo, hujalinganisha chochote. Soma mistari ya makosa iliyo juu yake.

---

Ghala_Masasi

Ya cheti na ya ufunguo zimefanana, na si hiyo ya utupu. Lakini nginx bado inakataa.

---

BintiNachingwea

Basi jozi ni njema, tatizo ni lile faili uliloliunganisha. Kwenye ssl_certificate umeweka nini? Kama uliandika cat kati.pem cheti-safi.pem, umegeuza. Nginx inachukua cheti cha kwanza kwenye faili kuwa ndicho chake na kukilinganisha na ufunguo. Cha kwanza kikiwa cha mamlaka, lazima iseme havilingani. Sahihi:

cat cheti-safi.pem kati.pem > mnyororo.pem

Cha tovuti kwanza, kinafuata kilichokitia saini, na kuendelea. Cheti cha mzizi (cha mamlaka kuu, cha juu kabisa) usikiweke, mteja anacho chake tayari. Ukikiweka unaongeza uzito wa kila muunganiko bure.

Na angalia mshono. Faili la kwanza likiishia bila mstari mpya, cat inagandisha hivi: -----END CERTIFICATE----------BEGIN CERTIFICATE-----, na utapata "bad end line". Gawa mistari hiyo miwili kwa mkono, vistari vitano kila upande.

---

Ghala_Masasi

Ndivyo nilivyokuwa nimefanya, nilianza na kati.pem. Nimegeuza, nginx -t imekubali. Asante dada. Kompyuta za ofisini zinafungua vizuri. Simu za makarani kule maghalani ndiyo programu yao inakataa, inasema cheti hakiaminiki.

---

Mwambao_Mikindani

Mnyororo haujakamilika. Hesabu kilichomo:

grep -c "BEGIN CERTIFICATE" mnyororo.pem
openssl crl2pkcs7 -nocrl -certfile mnyororo.pem | openssl pkcs7 -print_certs -noout

Natumia njia hiyo ndefu makusudi. openssl x509 husoma cheti cha kwanza tu kwenye faili na kunyamazia vingine, hivyo unaweza kuwa na vitatu ukadhani unacho kimoja. Amri hii inakuonyesha subject na issuer za vyote. Zisome kama ukoo: issuer wa cha kwanza lazima awe subject wa cha pili.

Halafu itazame seva kama mgeni anavyoiona:

openssl s_client -connect JINA:443 -servername JINA -showcerts </dev/null

Hiyo </dev/null ni ya kuifunga, bila hiyo inakaa ikikusubiri uandike. Ukiunganisha kwa namba ya IP usisahau -servername, la sivyo seva yenye tovuti nyingi itakupa cheti cha tovuti nyingine. Teremka mpaka "Verify return code":

0 ni salama. 10 kimekwisha muda. 18 kimejitia saini chenyewe. 20 na 21 karibu kila mara ni cheti cha kati (kinachounganisha cha tovuti na cha mzizi) kilichokosekana. 9 ni "bado hakijaanza kutumika", na hapo usiguse cheti, tazama saa ya kompyuta kwa amri ya date. Betri ndogo ya ubao ikifa na umeme ukakatika, mashine inaamka miaka mingi nyuma.

Kuhusu ofisini kufungua na simu kukataa: vivinjari vingi vya kompyuta hukitafuta cheti cha kati vyenyewe au vinacho tayari. curl na programu nyingi za simu hazihangaiki, zinataka seva iwape. Kwa hiyo usipime kwa kivinjari chako ukatangaza kazi imekwisha.

---

Ghala_Masasi

Ni 21. grep imetoa 2, ila cha pili ni cha mzizi. Cha kati hakimo kwenye kati.pem, kumbe pfx haikuwa nacho.

---

Kilwa_Masoko

Anwani yake imo ndani ya cheti chako chenyewe:

openssl x509 -in cheti-safi.pem -noout -ext authorityInfoAccess

Tafuta mstari wa "CA Issuers - URI". Kishushe kwa curl -o kati.der na anwani hiyo. Kwa kawaida huja kama DER, kibadili:

openssl x509 -inform der -in kati.der -out kati.pem

Mamlaka nyingine hukupa .p7b. Hiyo ni bahasha ya vyeti tu, ufunguo wa siri haumo, kwa hiyo usihangaike kuutafuta:

openssl pkcs7 -in mamlaka.p7b -print_certs -out kati.pem

Ikisema haioni mwanzo wa PEM, weka -inform der. Kisha thibitisha kabla ya kupeleka hewani:

openssl verify -untrusted kati.pem cheti-safi.pem

Usiandike openssl verify mnyororo.pem peke yake. Inachukua cha kwanza na kuviacha vingine, halafu inalalamika kuwa mtoa saini haonekani ilhali yumo humo humo. Lazima cha kati kipite kwenye -untrusted. Neno hilo lisikutishe, lina maana tu kwamba cheti hicho hakiaminiwi chenyewe bila kupimwa dhidi ya mzizi.

---

Ghala_Masasi

OK imetoka, code ni 0, simu za ghalani zimeingia. Mungu awabariki. Swali la mwisho: notAfter inasema Mar 14 23:59:59 2027 GMT. Hiyo kwa saa za huku ni lini?

---

BintiNachingwea

Ongeza saa tatu. Ni saa 8:59 usiku wa kuamkia 15 Machi 2027. Tarehe za vyeti zote huandikwa kwa GMT. Lakini usikariri tarehe, iachie mashine:

openssl x509 -in cheti-safi.pem -noout -checkend 2592000

Namba hiyo ni sekunde za siku 30. Ikibaki salama, amri inarudisha 0. Kikikaribia kufa inarudisha 1, na hiyo ndiyo unayoiwekea masharti kwenye cron (kipanga kazi cha Linux). Kwa vyeti vya siku 47 tumia 1209600, yaani siku 14. Bora zaidi kupima kile kinachotolewa na seva, maana faili linaweza kuwa jipya na nginx ikawa haijasomeshwa upya:

openssl s_client -connect JINA:443 -servername JINA </dev/null 2>/dev/null | openssl x509 -noout -checkend 2592000

Upyaisho ukifanyika bila systemctl reload nginx, seva inaendelea kutoa cheti cha zamani kilichoko kwenye kumbukumbu yake.

---

Fundi_Shangani

Mimi natumia openssl ndani ya Windows, PowerShell. Cheti kikitoka kwa alama ya > kinakataliwa kila mahali, "no start line", ingawa kwenye Notepad naona BEGIN vizuri kabisa.

---

Kilwa_Masoko

PowerShell ya zamani, 5.1, ukielekeza kwa > inaandika UTF-16: kila herufi inachukua baiti mbili, na mwanzoni zinakaa FF FE. Notepad inaficha yote hayo. Tumia -out ya openssl, usitumie >. Faili likiwa tayari limeharibika, lipeleke Linux:

head -c 4 cheti.pem | xxd
iconv -f UTF-16 -t UTF-8 cheti.pem > sawa.pem

Ukiona ef bb bf mwanzoni ni alama ya UTF-8, baadhi ya programu huikataa. Iondoe kwa sed -i '1s/^\xEF\xBB\xBF//' sawa.pem. Na mwisho wa mistari ya Windows unatolewa kwa tr -d '\r' < sawa.pem > safi.pem. Kubandika kutoka kwenye barua pepe nako kunaharibu: nafasi huingia mwanzoni mwa mistari, au kistari kimoja kinageuzwa kirefu. BEGIN lazima iwe na vistari vitano halisi kila upande.

---

MwalimuWaKompyuta_Lindi

Na funguo za ssh? Nimepewa .ppk (faili la ufunguo la PuTTY) ya kuingilia seva ya shule, mimi niko Linux.

---

Mwambao_Mikindani

Weka kifurushi cha putty-tools, kisha:

puttygen shule.ppk -O private-openssh -o shule_ufunguo
chmod 600 shule_ufunguo

Ikilalamika kuhusu toleo la faili, puttygen yako ni ya zamani. PuTTY kuanzia 0.75 ya mwaka 2021 huandika PPK toleo la 3. Sasisha, au mwenye PuTTY mpya aitoe upya kwa puttygen shule.ppk --ppk-param version=2 -o shule2.ppk.

Kujua ni ufunguo upi, usiamini faili la .pub lililo jirani, linaweza kuwa la ufunguo mwingine. Utoe ndani ya ufunguo wenyewe:

ssh-keygen -y -f shule_ufunguo | ssh-keygen -lf -

Linganisha hiyo SHA256 na iliyo kwenye seva: ssh-keygen -lf ~/.ssh/authorized_keys. Programu ya zamani ikitaka BEGIN RSA PRIVATE KEY:

cp shule_ufunguo nakala
ssh-keygen -p -m PEM -f nakala

Hiyo cp si ya hiari. -p huandika juu ya faili lilelile. Na ni kwa RSA. Ufunguo wa ed25519 utabaki kwenye muundo wa OpenSSH.

Usiuendeshe ufunguo ukiwa kwenye flash ya FAT32 au exFAT. chmod haishiki humo, ssh itakuambia ruhusa ziko wazi mno na kuukataa. Unakili kwenye diski ya mashine kwanza.

---

BintiNachingwea

Kwa wenye Tomcat au programu nyingine za Java, fupi tu: Java kuanzia 9 inatumia PKCS#12 yenyewe, hivyo pfx inaweza kutumika moja kwa moja. Ukiwa na .jks ya zamani:

keytool -list -v -keystore zamani.jks
keytool -importkeystore -srckeystore zamani.jks -destkeystore mpya.p12 -deststoretype PKCS12

Kwenye orodha tafuta "PrivateKeyEntry". Ukiona "trustedCertEntry" peke yake, hifadhi hiyo ina vyeti tu, ufunguo haumo na hakuna amri itakayoutoa.

---

Fundi_Shangani

Wakuu, zipo tovuti za kubadili pfx kwenda pem bure, unapakia tu na kushusha. Ukiwa steshenari bila Linux si rahisi zaidi?

---

Mwambao_Mikindani

Hapana ndugu yangu, na hili nalisema kwa uzito wote. Ukishapakia pfx na nenosiri lake, ufunguo wa siri umekuwa wa watu wawili, na huna njia ya kujua wa pili ni nani. Kila amri iliyo kwenye uzi huu inafanya kazi bila intaneti, isipokuwa s_client na curl. Git for Windows inakuja na openssl ndani yake. Fungua Git Bash, umemaliza.

Nenosiri nalo usiliandike kama -passin pass:neno. Linabaki kwenye historia ya amri, na mtu mwingine aliye kwenye mashine hiyo analiona kwa ps. Acha openssl ikuulize, au kwenye skripti tumia -passin file: na faili lenye ruhusa 600. Ukitaka kuonyesha aina ya ufunguo hapa jukwaani tumia openssl pkey -in siri.pem -noout -text_pub. Ukiandika -text tupu, namba zote za siri zinamwagika kwenye skrini na picha yako ya skrini inazibeba.

Kama tayari mtu alipakia: usiombe cheti kipya kwa ufunguo uleule, hapo utakuwa hujatibu kitu. Tengeneza ufunguo mpya:

openssl genpkey -algorithm EC -pkeyopt ec_paramgen_curve:P-256 -out mpya.pem
openssl req -new -key mpya.pem -subj "/CN=JINA" -addext "subjectAltName=DNS:JINA,DNS:www.JINA" -out mpya.csr

Peleka mpya.csr kwa mamlaka, weka cheti kipya, hakikisha s_client inaonyesha namba mpya ya serial, ndipo uombe cha zamani kibatilishwe. Ukibatilisha kabla ya kuweka kipya, mizani za maghala zitasimama mchana wa mnada.

---

Fundi_Shangani

Nimeelewa mkuu. Kuna pfx mbili za duka moja hapa Mtwara mjini nilizipakia mwezi uliopita. Natengeneza funguo mpya leo, nikipata CSR (ombi la cheti) nitabandika matokeo ya openssl req -in mpya.csr -noout -text mnikagulie.

---

Kilwa_Masoko

Bandika tu, CSR haina siri ndani. Angalia kwanza uone "X509v3 Subject Alternative Name" imo na majina yote mawili yameandikwa. Isipokuwepo, hukuweka -addext; openssl ya kabla ya 1.1.1 haiijui, itaikataa amri yenyewe.